Kazi ya bustani ya mimea katika visiwa vya karafuu

Mkulima wa Unguja au Pemba anayepanda mkungumanga kwa mbegu anapanda huku akisubiri bahati. Mkungumanga una miti dume na miti jike, na mche wa dume haupambanuki na wa jike kwa jani, kwa gome wala kwa umbo. Hujulikana pale tu mti unapochanua kwa mara ya kwanza, jambo linaloweza kuchukua miaka mitano, sita, hata minane. Takriban nusu ya mbegu huota miti dume, ilhali shamba linahitaji dume mmoja tu kwa kila majike kama kumi ili maua yapate chavua ya kutosha. Aliyepanda miche 20 na kuipalilia kwa miaka yote hiyo atajikuta na miti tisa hivi isiyozaa chochote, inayokula mbolea na kivuli cha wenzake, ambayo hana budi kuikata.

Njia ya kuepuka hasara hiyo inajulikana: mche hubebeshwa kijiti kilichokatwa kwenye mti jike ambao umeshaonekana kuzaa vizuri, na kutoka hapo mkulima anajua anachopanda. Lakini njia hiyo inadai kitu ambacho mkulima mmoja mmoja hawezi kujipatia kwa urahisi. Lazima kuwe na mti mama uliokwisha kutazamwa kwa miaka mingi, mazao yake yakahesabiwa, asili yake ikajulikana, na ukalindwa usikatwe siku mwenye kiwanja anapoamua kujenga. Lazima pia mti huo uwe mahali ambapo mtu yeyote mwenye haja anaweza kufika. Mahali pa namna hiyo ndipo panapostahili kuitwa bustani ya mimea, na ni heri kuanza na kazi hiyo kabla ya kuzungumzia maua na mabenchi, kwa sababu wengi wetu tukisikia neno bustani tunafikiria kwanza pa kupumzikia.

Pa kupumzikia hatuna upungufu napo. Mjini Zanzibar ipo Forodhani, iliyotengenezwa upya kwa ufadhili wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa tena mwaka 2009, ambako watu hushuka magharibi kula mishikaki na kunywa juisi ya miwa. Ipo Bustani ya Jamhuri, ambayo sikukuu hufurika watoto. Bustani hizi zinatimiza wajibu wake, na hakuna sababu ya kuzilaumu kwa kutokuwa kitu kingine. Mti wa Forodhani unatakiwa utoe kivuli, na ukianguka utapandwa mwingine wa aina yoyote itakayostahimili chumvi ya bahari.

Katika bustani ya mimea, mti ukianguka linapotea jambo mahususi. Kila mmea una namba yake, na namba hiyo inaongoza kwenye maandishi: mbegu au kijiti kilitoka kijiji gani na kwenye mti upi, kililetwa na nani, kilipandwa lini, jina lake la kisayansi lilithibitishwa vipi, na umechanua na kuzaa miaka ipi. Mara nyingi kuna pia tawi lililokaushwa, likiwa na majani na maua yake, likabandikwa juu ya karatasi nzito na kuwekwa kabatini, ili mtaalamu wa miaka 80 ijayo akitilia shaka jina lililoandikwa aweze kulichunguza tawi lenyewe. Kibao kinachoonekana shinani ni sehemu ndogo tu ya maandishi hayo. Ndiyo maana bustani inaweza kuwa na miti mikubwa ya kupendeza, na njia zilizofagiwa, na bado ikawa imekoma kuwa bustani ya mimea, kwa sababu daftari lake limepotea na aliyekuwa akijua kila mti amestaafu.

Kwetu Zanzibar kazi hii haijawahi kukaa sehemu moja. Imegawanyika baina ya mahali panne au patano, na kila pahala pamebeba kipande chake. Ili kuelewa kwa nini, inabidi kurudi nyuma, tena mbali kidogo, hadi visiwa vya Mascarene, vikiwemo Mauritius na Réunion, katika Bahari ya Hindi.

Karafuu zilipita bustanini

Mkarafuu ni mti wa visiwa vya Maluku, katika nchi ambayo leo ni Indonesia, na Waholanzi waliokuwa wakivitawala visiwa hivyo walijitahidi kwa nguvu zote mche usitoke nje. Mfaransa Pierre Poivre, msimamizi wa kisiwa kilichoitwa wakati huo Ile de France na leo Mauritius, alifanikiwa kupata miche na mbegu za mikarafuu na mikungumanga mnamo mwaka 1770. Alizipanda katika bustani ya Pamplemousses, ambayo mpaka leo iko wazi kwa umma. Kutoka Mauritius mkarafuu ukaenda Réunion, na kutoka visiwa hivyo, katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, ukaletwa Unguja na mfanyabiashara wa Kiarabu aitwaye Saleh bin Haramil al-Abry. Miti yake ilipandwa Mtoni na Kizimbani. Baadaye Sayyid Said bin Sultan alimnyang'anya mashamba hayo, na akaamuru kwamba kwa kila mnazi mmoja wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu.

Historia hii husimuliwa mara nyingi kama historia ya biashara na ya ufalme, na ndivyo ilivyo. Pia ni historia ya watumwa, kwa sababu mashamba hayo yalifyekwa, yakapandwa na kuchumwa kwa nguvu za watu waliochukuliwa bara bila hiari yao, na hakuna maelezo ya karafuu yanayoweza kuwa ya kweli bila ya kulisema hilo. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba mti uliobadilisha visiwa hivi ulipita kwanza katika bustani ya mimea. Bustani za zama hizo zilianzishwa na dola zilizotaka kujua mmea gani unaweza kuhamishwa kutoka koloni moja kwenda jingine ukaleta faida. Entebbe ilianzishwa mwaka 1898 kwa nia hiyo, na Amani, katika milima ya Usambara, ikaanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kwa nia hiyo hiyo. Miti ilipandwa, ikapimwa, na iliyofaa ikatolewa kwa walowezi. Wananchi walihusika kama vibarua.

Unguja ilikuwa na mtu aliyeunganisha siasa na mimea kwa namna ya peke yake. John Kirk, daktari aliyewahi kufuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi, alifika hapa mwaka 1866 na baadaye akawa balozi mdogo wa Uingereza kwa muda mrefu. Alikuwa na shamba la majaribio Mbweni, na alipeleka sampuli nyingi za mimea katika bustani ya Kew, London. Jina lake limebaki kwenye mimea kadhaa ya pwani yetu na kwenye kima punju wa Jozani. Moja ya kazi zake za maana ilihusu sandarusi, utomvu mgumu uliokuwa ukichimbwa ardhini na kuuzwa Ulaya na Marekani kwa kutengenezea vanishi. Kirk alionyesha kwamba sandarusi ya kuchimbwa ilitokana na msandarusi, mti ule ule unaoendelea kuota katika misitu ya pwani hadi leo. Wachimbaji wa mrima walikuwa na maarifa yao juu ya jambo hilo, lakini maarifa hayo hayakuandikwa kwa majina yao.

Mkono wa Kirk unatajwa pia katika bustani iliyopo Vuga, mkabala wa Ikulu. Iliandaliwa wakati wa Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, kwa ajili ya mapumziko ya wanawake wa nyumba yake. Mwaka 1899 Sayyid Hamoud bin Mohammed aliitoa kwa umma, na ikapewa jina la Malkia Victoria. Ukumbi uliomo ndani yake ukawa mahali pa vikao vya Baraza la Kutunga Sheria tangu lilipoundwa mwaka 1926 hadi Mapinduzi ya 1964. Kwa hiyo kiwanja hicho kimoja kimekuwa bustani ya faragha ya sultani, bustani ya majaribio ya mimea ya kigeni, uwanja wa Bunge la kikoloni, na hatimaye kivuli cha wanafunzi wanaotoka skuli za jirani. Katika mabadiliko yote hayo miti ilibaki, na kwa sehemu kubwa wanaopita chini yake hawajui ilitoka wapi.

Mbegu isiyowekeka

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba iliathirika kidogo mno, na tangu hapo ndiyo iliyoongoza kwa karafuu, hali iliyodumu hadi leo. Mashamba ya Unguja yalipofufuliwa yalifufuliwa kwa mbegu za miti iliyosalimika na za Pemba, yaani kutoka ukoo ule ule uliotokana na miche michache ya Mascarene. Katika karne ya 20 ukaja ugonjwa wa kufa ghafla, ambapo mkarafuu mkubwa wenye afya ulikauka wote kwa muda mfupi, na watafiti wakahangaika nao kwa miongo mingi.

Pale ambapo miti yote ni ndugu wa karibu, ugonjwa ulioweza kuuua mmoja una nafasi nzuri ya kuiua mingine. Tiba ya muda mrefu ni kuwa na miti yenye vinasaba tofauti: ile iliyosimama wakati wenzake wamekufa, ile inayozaa katika udongo duni, ile iliyoletwa upya kutoka kwenye asili yake. Kwa mazao ya nafaka kazi hiyo hufanywa na benki za mbegu. Punje za mpunga au mtama hukaushwa vizuri, zikafungwa na kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri, na baada ya miaka mingi huota. Ghala maarufu la Svalbard, huko Norway, lililofunguliwa mwaka 2008, linafanya hivyo kwa dunia nzima.

Mkarafuu hauingii katika ghala la namna hiyo. Kinachochumwa na kuanikwa juu ya majamvi ni matumba ya maua ambayo hayajafunguka, na ukitaka mbegu huna budi kuliacha ua lichanue na tunda likomae hadi liwe la zambarau iliyoiva. Mbegu iliyomo ndani ni laini na ina maji mengi. Ikikaushwa inakufa, ikigandishwa inakufa, na ikiachwa juu ya meza kwa wiki chache inakufa vile vile. Mkungumanga ni hivyo hivyo, na mkakao, na mfenesi, na mshokishoki. Orodha ya mimea yenye tabia hii inakaribia kuwa orodha ya mashamba yetu ya viungo na matunda. Kwa mimea hiyo, njia kuu ya kuhifadhi aina ni mti ulio hai, uliosimama ardhini, wenye mtu wa kuumwagilia.

Hoja hii ndiyo inayoipa bustani ya mimea uzito Zanzibar kuliko mahali pengi pengine. Nchi inayolima ngano inaweza kufunga bustani yake na bado mbegu zake zikawa salama kwenye majokofu. Sisi tukipoteza mti, tumepoteza aina yenyewe. Ndiyo sababu vituo kama Kizimbani, palipo na shamba la serikali, chuo cha kilimo na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Zanzibar, vina thamani ambayo haionekani kwa anayepita barabarani. Mgeni anayeona pale mstari wa midalasini na michungwa anaona shamba la kawaida. Mtafiti anaona akiba isiyo na nakala.

Vanila inatoa mfano wa upande mwingine wa jambo hili. Mmea huu wa Meksiko ulifika katika visiwa vya Bahari ya Hindi bila ya wadudu wanaouchavusha kwao, hivyo ulikuwa ukitoa maua na hauzai. Mwaka 1841, huko Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius aligundua namna ya kuchavusha ua la vanila kwa mkono. Kwa kijiti chembamba kama mwiba mtu hunyanyua kile kiutando kinachotenganisha sehemu ya kiume na ya kike ya ua, kisha akazigusanisha kwa kidole gumba. Kazi inachukua sekunde chache, lakini ua hufunguka asubuhi na kusinyaa mchana wa siku hiyo hiyo, na kila ua linahitaji kuguswa peke yake. Mkulima wa vanila wa Unguja leo anafanya kitendo kile kile, takriban bila ya mabadiliko. Kuhamisha mmea ni nusu ya kazi. Ujuzi wa kuishi nao ni nusu ya pili, na huo pia unahitaji mahali pa kukaa na watu wa kuufundisha.

Mimea ya wenyewe

Mpaka hapa mazungumzo yamekuwa ya mimea iliyokuja na majahazi. Ipo mimea mingine ambayo haikuja na mtu yeyote. Kaskazini-magharibi ya Pemba, katika msitu wa Ngezi, huota mpapindi, aina ya mtende mwembamba unaopatikana kwa asili Pemba peke yake duniani, huku karibu ndugu zake wote wakiwa Madagaska na Komoro. Maelezo yamo katika bahari. Mkondo uliopo kati ya Pemba na bara una kina kinachofikia mamia ya mita, na kisiwa kimekuwa peke yake kwa mamilioni ya miaka. Mkondo wa Unguja ni wa kina kifupi, na wakati wa zama za barafu, bahari iliposhuka, mnyama angeweza kutembea kutoka Unguja hadi bara. Kwa hiyo Pemba imefuga viumbe vyake, ukiwemo mpapindi na yule popo mkubwa wa Pemba anayekula matunda na kutawanya mbegu za miti ya msituni.

Kwa mimea kama hii bustani ya mimea ni akiba ya pili, akiba ya kwanza ikiwa ni msitu wenyewe. Sioni busara katika mtazamo kwamba, kwa kuwa mpapindi umepandwa mbele ya hoteli na ofisi kama pambo, basi Ngezi inaweza kupunguzwa. Mti wa pambo mara nyingi umetokana na mti mama mmoja, na hauna popo wake, wala kivuli cha miti mikubwa, wala udongo wenye majani ya miaka mingi. Bustani inaweza kuokoa spishi isitoweke. Haiwezi kuokoa maisha iliyoyazoea.

Bustani pia zinaweza kudhuru, na jambo hili ni lazima lisemwe na wale wanaozipenda. Kutoka Amani, mti wa Maesopsis eminii, uliopandwa kwa majaribio katika karne iliyopita, ulienea katika misitu ya Usambara Mashariki na kuchukua nafasi ya miti ya asili. Hapa petu hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta funzo: kunguru, walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 kwa nia ya kusafisha taka, bado wanakula vifaranga vya watu na mayai ya ndege wa asili. Bustani inayoheshimu kazi yake huweka mmea mgeni chini ya uangalizi kwa muda kabla ya kuutoa kwa wakulima, na huukataa unaoota ovyo hata kama ni mzuri kwa macho.

Nani anafundishwa

Elimu ya mimea haijakosekana Unguja. Kila siku magari hupeleka wageni Kizimbani, Kidichi na vijiji vya jirani, ambako kijana huvunja jani, akalisugua kiganjani na kumtaka mgeni akisie harufu. Huwaonyesha mzizi wa mdalasini unaonuka kafuri, kungumanga lililovikwa basibasi jekundu, na mzingefuri unaopaka midomo rangi. Mwishoni mkwezi hupanda mnazi huku akiimba, na kofia za makuti hutolewa. Vijana hawa wanajua mengi, wengi wanazungumza Kiingereza, Kitaliano na Kifaransa, na riziki yao ni ya halali. Lakini ziara imepangwa kwa mteja anayelipa, kwa lugha yake na kwa udadisi wake, na mwanafunzi wa Jang'ombe anaweza kumaliza skuli bila ya kuliona ua la mlangilangi likiwa juu ya mti.

Hapo ndipo bustani ya umma ingefanya kazi ambayo shamba la viungo la utalii halina sababu ya kuifanya. Chukua mfano wa darasa la watoto waliosimamishwa mbele ya miti mitatu: mkarafuu, mzambarau na mtufaa. Jenasi yao ni moja, Syzygium. Mtoto akilifikicha jani la kila mmoja atasikia harufu, kali kwenye mkarafuu na hafifu kwenye mingine. Akilishika dhidi ya jua ataona vitone vidogo vinavyong'aa, ambavyo ndivyo vifuko vya mafuta. Akipelekwa kwenye mpera na mkaratusi ataviona tena, kwa kuwa nayo ni ya familia hiyo hiyo. Ndani ya saa moja amejifunza uainishaji wa mimea kwa pua na macho, bila ya kukariri, na amejua pia kwa nini majani na makonyo ya mkarafuu hupelekwa kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta. Hakuna picha ya kitabu inayoweza kumpa hilo. Kinachohitajika ni kwamba miti hiyo ipandwe karibu karibu kwa makusudi, na mwalimu aweze kuja bila ya kuandika barua tatu.

Kundi la pili linalohusika ni wanawake wa mjini. Kikuba cha biharusi hutungwa kwa asumini, mrehani, mlangilangi, waridi na, anayebahatika, kilua. Zamani maua hayo yalipatikana uani au kwa jirani. Nyumba zimebanana, ua umekuwa chumba, na maua sasa hununuliwa, wakati mwingine kwa bei inayoshangaza. Anayetunga vikuba anajua kipi huchumwa alfajiri na kipi magharibi, na kipi kinatia weusi kikiguswa na maji. Maarifa hayo ni ya bustani kabisa, na bustani yenye akili ingemwalika atoe vijiti na maneno yake yaandikwe kwa jina lake, tofauti na walivyofanyiwa wachimba sandarusi.

Kundi la tatu ni la wanaotibu na kujitibu kwa miti shamba. Hapa kibao chenye jina kinaweza kuwa suala la afya. Mti mmoja huitwa hivi Makunduchi na vile Micheweni, na jina moja hutumika kwa miti miwili isiyohusiana, mmoja wao pengine ukiwa na sumu. Dawa iliyoelezwa kwa simu na shangazi aliyeko Pemba inaweza kuchumwa kwenye mti usio wake. Bustani inayoandika majina yote ya mitaa chini ya jina moja la kisayansi, na kumwonyesha mtu mti wenyewe, inapunguza hatari hiyo bila ya kumkejeli mganga wala kumsifu kupita kiasi. Inafaa kibao kiseme mti unatumiwa kwa nini na watu wa wapi, na kisiseme unatibu nini ikiwa haijathibitishwa.

Kwa wengine wote, bustani ni kivuli, na kivuli mjini si kitu kidogo. Mtini mkubwa wa Mizingani, uliokwisha kuwa alama ya mji, umewakinga mafundi na mabaharia na jua kwa vizazi, na chini yake daima kuna watu. Sitakawia hapo, maana faida hiyo kila mtu anaiona kwa macho yake.

Udongo, maji na Julai

Kwa nini basi bustani za mimea zinadhoofika? Sababu moja ni udongo. Magharibi na katikati ya Unguja kuna udongo mzito unaoifaa mikarafuu, na mashariki na kusini kuna mawe ya matumbawe yenye udongo kiganja kwenye mashimo, ambako miti yake ni tofauti kabisa. Bustani moja ya mjini, iwe ya Migombani au ya Vuga, haiwezi kuwakilisha pande zote mbili, wala kuiwakilisha Pemba yenye vilima na mvua nyingi zaidi. Mgawanyo wa kazi baina ya Vuga, Migombani, Kizimbani na Ngezi kwa hiyo una mantiki yake. Kasoro ni kukosekana kwa daftari moja la pamoja, ili anayetafuta mti jike wa kungumanga uliojaribiwa ajue upo wapi bila ya kuzunguka ofisi nne.

Sababu ya pili ni watu. Mtunza bustani mwenye ujuzi huchukua miaka mingi kumpata, na mara nyingi analipwa kama mfagizi, kwa kuwa anaonekana ameshika ufagio. Akiondoka hakuna anayejua kwamba ule mti wa pembeni ulitolewa mbegu zake mahali ambapo leo pamejengwa.

Sababu ya tatu ni kalenda. Serikali imekuwa ikigawa miche ya mikarafuu kwa wakulima, na bustani na vitalu ndiko miche hiyo inakoanzia. Matunda ya mkarafuu yaliyoachwa mtini hukomaa yakaanguka kwa msimu wake, na mbegu inatakiwa iingie kwenye kiriba ndani ya siku chache, chini ya kivuli cha makuti, imwagiliwe kila siku, ikae kitaluni mwaka mmoja au zaidi, kisha mche utoke kwenda shambani masika inapoanza mwezi wa Machi. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, na fedha zilizoidhinishwa hufika vituoni kwa awamu. Zikichelewa miezi miwili baada ya matunda kuanguka, viriba vitanunuliwa na udongo utajazwa, lakini mbegu zitakuwa zimekwisha kufa, na hesabu ya miche itabidi isubiri matunda ya mwaka unaofuata. Vituo vinavyofanikiwa ni vile vilivyopewa ruhusa ya kuuza sehemu ya miche yao, ya viungo, ya matunda na ya maua, na kubaki na mapato kwa ajili ya maji, viriba na vibarua wa msimu, ili mbegu ikianguka kuwe na fedha mkononi siku hiyo.